Macho Gani, Mwanangu?

Katika Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, shule nyingi zimo mikononi mwa makanisa. Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977 uliyapa makanisa usimamizi wa shule zao, na programu ya masomo ikabaki ya serikali. Kwa hiyo hakuna anayeshangaa mwanafunzi wa sekondari akirudi nyumbani na kazi ya biolojia yenye sehemu mbili: kuchora jicho na kutaja viungo vyake, kisha kutafuta mistari ya Biblia inayosema juu ya kuona. Sehemu ya kwanza imo kitabuni. Kwa ile ya pili anakwenda kwa mzee wa kanisa.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba mistari ya macho."

"Marahaba. Macho gani, mwanangu?"

Hapo ndipo kazi inapoanza, nami nauheshimu ufundi huu kuliko ufundi mwingi unaolipiwa fedha. Neno "macho" limejaa katika Biblia. Nuhu alipata neema machoni pa Mungu. Hapo hatuzungumzii mboni wala kope. Adamu na Hawa walifumbuliwa macho baada ya kula tunda, lakini mstari mmoja tu kabla ya hapo Hawa alikwisha kuutazama mti na kuona unapendeza. Alikuwa akiona tangu mwanzo. Mtumishi wa Elisha alifunguliwa macho akaona milima imejaa farasi na magari ya moto, naye asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameliona jeshi la adui bila shida yoyote. Mzee anaipitia mistari hii mmoja mmoja na kuiweka kando, kama akina mama wa ufukweni wanavyochambua ndakala kabla ya kuzianika. Haitupi. Ina siku yake, katika mahubiri ya Jumapili. Mwalimu wa biolojia ameomba jicho la nyama.

Vyombo vya kazi hii vina umri mkubwa. Watawa Wadominiko wa Paris, katika karne ya 13, walipanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa alfabeti ili mhubiri alipate neno popote lilipo. Namba za mistari tunazozitaja leo zilikuja baadaye: Robert Estienne, mpiga chapa Mfaransa, aliziweka katika Agano Jipya alilolichapa mwaka 1551. Wasomaji wa Kiswahili wanayo Itifaki ya Biblia, na kijana mwenye simu anaandika neno moja tu, orodha ikashuka. Lakini simu hutafuta neno, na jambo lenyewe wakati mwingine limevaa neno jingine. Mhubiri sura ya 12 inaeleza uzee kwa mfano wa nyumba: wasagaji wamebaki wachache, na wale wanaochungulia madirishani wametiwa giza. Wasagaji ni meno. Wanaochungulia ni macho. Anayetafuta "jicho" kwa simu ataupita mstari huo, na ni mmoja wa mistari bora kabisa kwa kazi ya mwanafunzi huyu. Mzee anaujua kwa sababu amekisoma kitabu kizima, mwaka baada ya mwaka.

Mistari ya uzee ndiyo mingi. Eli alikuwa na miaka 98, macho yake yamekaza, haoni. Yakobo naye macho yalimlemea kwa ajili ya uzee. Musa anatajwa kwa kinyume chake: miaka 120, na jicho lake halikupofuka. Mwanafunzi anaweza kuandika pembeni kwamba lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyoendelea, na kwamba ikiingia ukungu tunauita mtoto wa jicho. Asiandike kwamba Eli alikuwa na mtoto wa jicho. Andiko halikusema, na mzee haruhusu liongezewe hata neno.

Anapofika kwa Isaka anapunguza mwendo, na anafanya vema. Mwanzo 27 ni somo zima la milango ya fahamu. Macho ya Isaka yamefifia. Anasikia sauti na kusema ni ya Yakobo. Anapapasa mikono na kukuta manyoya, kwa sababu Rebeka amemvika Yakobo ngozi za wana-mbuzi ili baba amdhanie nduguye. Anaonja nyama. Ananusa nguo. Sikio limemwambia ukweli; ngozi, ulimi na pua vimekubaliana na udanganyifu, naye akafuata walio wengi. Sijui sura nyingine ya kitabu chochote ambayo mwalimu angeweza kuisoma darasani na kisha kuuliza: mlango upi ulifanya kazi, upi ulidanganyika, na kwa nini?

Mzee hasahau asali ya Yonathani. Katika 1 Samweli 14 mfalme Sauli amewaapisha askari wasile kitu mpaka jioni. Yonathani hakusikia kiapo hicho; anachovya ncha ya fimbo katika sega, anaipeleka kinywani, na macho yake yanatiwa nuru. Mwili wenye njaa hauoni vizuri, na kila aliyefunga siku nzima anajua. Hapa mwanafunzi anaweza kuongeza jambo la kwao: mawese mekundu ya Fizi yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mtoto anayeikosa vitamini hiyo huanza kupoteza uwezo wa kuona saa za magharibi.

Tena Ziwa Tanganyika lenyewe lina habari ya macho. Februari 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Tanganyika upande wa Ujiji, na Speke alikuwa na macho yaliyovimba kwa ugonjwa, hata maji aliyoyatafuta kwa miezi hakuyaona ila ukungu. Baadaye mwaka huo walivuka kwa mitumbwi hadi Ubwari, wakielekea Uvira. Ghuba iliyo mbele ya Baraka inaitwa hadi leo kwa jina la Burton, yule aliyeona.

Ufundi unaonekana zaidi katika anachokikataa mzee. Yesu anaposema jicho ni taa ya mwili, kijana anafurahi, anadhani amepata fizikia ya mwanga. Mzee anamwomba asome fungu zima: linazungumza juu ya hazina na mabwana wawili. Na katika Matendo 9, Sauli mwingine, aliyeitwa baadaye Paulo, alipowekewa mikono, vitu kama magamba vilianguka machoni pake. Kijana anataka kuandika "magamba". "Andika 'kama'," mzee anamwambia. "Luka aliliweka mwenyewe."

Wanakaa muda mrefu na kipofu wa Bethsaida, Marko 8. Baada ya kuguswa mara ya kwanza anaona watu, lakini anawaona kama miti inayotembea. Anaguswa tena, ndipo anaona vyote waziwazi. Mtu huyo alijua mti unavyoonekana, kwa hiyo pengine hakuzaliwa kipofu. Kati ya mguso wa kwanza na wa pili kuna mwanga uliokwisha kuingia na umbo ambalo bado halijatulia, na kijana anayechora retina na mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo ana swali zuri la kumpelekea mwalimu wake.

Inabaki Yohana 9, habari ya aliyezaliwa kipofu, mistari 41. Kijana anataka kuichukua yote. Mzee anaifuata kwa kidole: tope la mate, birika la Siloamu, mtu ananawa na kurudi akiona. Majirani wanabishana kama ndiye au siye, wazazi wanahojiwa, na mwishoni kabisa upofu unaozungumzwa ni wa Mafarisayo, watu wenye macho mazima. "Ya mwisho ni ya moyo," anasema. "Wewe andika wa kwanza mpaka wa saba."

Kijana anaandika 9:1-7.