Menyu Isiyoamsha Mtoto

Jamani, nimeipata! Miaka yote nachoma DVD za harusi, na lawama ni ile ile. Diski inaingia kwenye deki, menyu inafunguka, sabufa inanguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Babu anaparamia rimoti, anapunguza. Akishaanzisha video, mshenga anasikika kama kajifunika blanketi. Babu anapandisha. Wakirudi kwenye menyu, mtoto aliyelala anaangua kilio.

Jana usiku, ndani ya Audacity, programu ya bure kabisa, nikafungua amri niliyokuwa naipita kila siku: ile ya kusawazisha ukubwa wa sauti. Sikulala!

Zamani nilikuwa nasawazisha vilele tu. Kila wimbo nauvuta kilele chake kifike −1 dB, najiona fundi. Wapi! Bongo Fleva iliyobanwa studio imeshiba kama gunia la mchele mwanzo hadi mwisho. Taarab, fidla zinapanda, kanuni inabaki peke yake, inapumua. Vilele ni sawa, lakini masikioni moja inakupigia kelele na nyingine inakunong'oneza. Amri hii inapima kwa LUFS, yaani kwa jinsi sikio linavyosikia, kipimo ambacho watangazaji wa Ulaya wamekishika tangu 2010 kwa kiwango cha −23. Basi sauti ya video nikaiweka −23, muziki wa menyu −26. Nikachoma, nikatumbukiza, nikakaa kwenye kochi.

Muziki ukaingia kama mgeni anayepiga hodi. Nikaanzisha video: mshenga huyu hapa, neno kwa neno! Nikarudi kwenye menyu. Kitufe cha sauti sikukigusa.

Ina ukorofi wake, sikatai. Wimbo mpole ukipandishwa, pigo moja la dumbaki laweza kuvuka 0 dB na kukwaruza. Mistari myekundu ikitokea, shusha. Nyimbo za CD ni 44,100 Hz na DVD inataka 48,000, kwa hiyo badilisha wakati wa kuhifadhi. Halafu kuna ule mwisho: menyu yangu ya sekunde 30 ikiisha, deki hunyamaza kidogo ikirudi mwanzo, na wimbo hukatika kama umeme. Nimefifisha sekunde 2 za mwisho, na sasa ule ukimya unaonekana wa makusudi.

Wateja wangu wa zamani, leteni diski zenu. Narudia bure.