Usichague kwa Kofia: Kumkagua Mhusika wa Kuanzia katika Elden Ring

Anayecheza Elden Ring kwa mara ya kwanza huchagua mhusika kama achaguaye kitenge: anaangalia rangi. Samurai ana kofia ya kutisha na upanga uliopinda, basi mkono unakwenda huko. Hakosei sana, ila amepata kwa bahati. Gemu hii ya FromSoftware, iliyotoka Februari 2022, ina wahusika 10 wa kuanzia, na ubora wao umo kwenye zile namba ndogo za pembeni ambazo wengi hawazisomi.

Levo ndiyo inayodanganya watu kwanza. Vagabond anaanza levo 9, Astrologer 6, Wretch 1. Mgeni atasema wa 9 ndiye mwenye nguvu. Hebu chukua kalamu. Sifa nane za Vagabond ni 15, 10, 11, 14, 13, 9, 9 na 7. Jumla 88. Za Wretch ni 10 mara nane, yaani 80. Toa levo kwenye kila jumla: wote wawili wanabaki na 79. Mpigie hesabu Astrologer naye, utapata 79 ileile. Hakuna aliyependelewa. Levo inakuonyesha tu pointi ngapi zimekwisha kugawiwa, na kazi ya mkaguzi ni kuuliza zimekwenda wapi.

Kwa Vagabond, 15 zimekwenda kwenye Vigor, ambayo ndiyo uhai wako. Arcane, ambayo mshika upanga wa kawaida haihitaji, imepewa 7 tu. Huo ni mgawo wa mtu mwenye akili. Wretch ana 10 kila mahali, kwa hiyo popote utakapoelekea kuna pointi zimelala bure. Na zitalala mpaka mwisho: hata Rennala, mhusika utakayemkuta baadaye ndani ya gemu, akikupangia sifa upya, hakushushi chini ya zile ulizoanza nazo. Anayejitokeza uchi na rungu mkononi mwachie mzoefu anayetafuta sifa.

Mimi mara ya kwanza nilimwaga kila kitu kwenye Strength, nikatembea na uhai wa kifaranga. Bosi aitwaye Margit alinifundisha adabu jioni nzima, kifo baada ya kifo, na silaha yangu ilikuwa kali kweli. Siku hizi nikimkagua mhusika wa mtu naanza na Vigor. Silaha tutaizungumzia baadaye.

Ukifika kwenye vifaa, usiishie kwenye picha. Fungua maelezo ya ngao, tafuta namba ya kuzuia mapigo ya kawaida. Heater Shield ya Vagabond inaandika 100: pigo la upanga likitua hapo unapoteza pumzi, damu haipungui. Ngao ya Samurai haifiki hapo, kila pigo linapenya kidogo. Kwa mgeni ambaye bado anakwepa kwa kuchelewa, tofauti hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa upanga wowote.

Halafu uzito. Ukibeba chini ya asilimia 70 ya uwezo wako unabiringika vizuri. Ukivuka hapo unaanguka kama gunia la mahindi, na adui anakusubiri uinuke. Vagabond amevikwa chuma mwili mzima na anabeba mkuki-shoka juu ya upanga. Uondoe mkuki ule mkononi, uuweke akiba, kisha tazama namba inavyoshuka. Nguo haina thamani ya kuchelewa kukwepa. (Wanaovaa kofia nzito kwa ajili ya urembo nawaelewa, lakini siwasaidii.)

Samurai anastahili nafasi ya pili. Uchigatana yake inamwaga damu, na upinde wake unamruhusu kumwita adui mmojammoja badala ya kundi zima. Astrologer ni wa mwenye subira: Vigor yake ni 9 tu, lakini anapiga kwa mbali, na Intelligence yake ya 16 imebakiza pointi mbili tu afikie 18 zinazotakiwa na Meteorite Staff. Fimbo hiyo iko kwenye magofu ndani ya kinamasi cha Caelid, na ukiwa na farasi unaweza kuifuata mapema kabisa. Haiboreshwi kwa mawe, ila kwa saa nyingi za mwanzo hutaitafuta nyingine. Bandit na Prisoner waache kwanza. Wanadai vidole ambavyo bado huna.

Kwenye zawadi ya kuanzia chukua Golden Seed, inakuongezea dozi moja ya chupa ya kujitibu. Kwa asiyewahi kugusa gemu za aina hii, hukumu yangu ni Vagabond, bila mkuki. Na ukitoka nje mara ya kwanza, utamwona mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu akizunguka njiani. Huyo mpite mbali.