Kalafati ya Nyumba

Ufundi wa kuiandaa nyumba kwa majira ya baridi kali ni miongoni mwa kazi zinazosifiwa kidogo kuliko zinavyostahili, kwa kuwa fundi akishamaliza, nyumba hubaki na sura yake ileile, na lililobadilika ni kwamba joto lililokuwa likitoroka sasa linatulia ndani. Thamani ya kazi hiyo hufahamika vyema katika mahali kama jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako tarehe 2 Februari 1996 kipimajoto katika mji wa Tower kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo, mwenye nyumba hushawishika kuongeza moto katika tanuri linalopasha vyumba joto, ilhali fundi stadi huanza kwa kuuliza joto lililopo linapitia wapi.

Mjenzi wa pwani ya Afrika Mashariki hupanga madirisha na matundu ya hewa ili upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili, lakini fundi wa nchi za baridi hushindana na upepo huohuo, na kazi yake yafanana zaidi na ya fundi wa majahazi anayepachika pamba iliyolowekwa mafuta katika viungo vya mbao, kazi iitwayo kalafati, ili bahari isipenye. Tofauti ni kwamba maji yanayovuja huonekana, na hewa haionekani, hivyo sehemu kubwa ya ustadi huu ni kukitambua kisichoonekana. Kwa ajili hiyo mafundi hufunga feni kubwa katika mlango wa nje na kuivuta hewa ya ndani hadi tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifikie paskali 50, paskali ikiwa ni kipimo cha shinikizo, kisha hupita wakiwa na moshi mwembamba unaoyumba palipo na upenyo.

Aliyezoea kuhisi baridi miguuni, karibu na mlango, hudhani kwamba hapo ndipo penye kasoro kubwa. Hata hivyo, hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, na kwa hiyo hupanda na kutokea katika nyufa za dari, na kila inapotoka huvuta hewa baridi kuingia kwa chini, ikawa chanzo cha baridi ya miguuni kiko juu ya kichwa. Ndiyo maana fundi mzuri hupanda darini kwanza, akaziba palipopitishwa nyaya na mabomba, akakaza mfuniko wa tundu la kupandia, na kuzunguka bomba la moshi akaweka bati na lakiri isiyoshika moto badala ya povu la kawaida. Baada ya hapo ndipo humwaga kihami joto, yaani kitu kinachozuia joto lisipite, kwa mfano selulosi itokanayo na magazeti yaliyosagwa, kwa kina cha sentimita 35 au zaidi. Mpangilio huo haugeuzwi, kwani kihami hufanya kazi kwa kuishika hewa iliyotulia, na upepo ukipita ndani yake nguvu zake hupungua. Methali husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ufundi huu hata aliyejenga ukuta mnene hajanufaika mpaka ameziba ufa.

Hewa itorokayo hubeba pia mvuke wa watu, wa vyungu na wa bafu, ambao hugandia chini ya paa na hatimaye kuozesha mbao. Joto linalovuja huyeyusha theluji iliyo juu ya paa, maji yakateremka hadi ukingoni penye baridi, yakaganda tena na kuwa bwawa la barafu linalosukuma maji mengine chini ya vigae. Mabomba nayo hulindwa, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, kiasi cha kupasua hata chuma.

Jinsi ufundi huu unavyoweza kufika mbali ilionekana mwaka 1977 huko Regina, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, ambako kundi la wataalamu, akiwemo mhandisi Harold Orr, lilijenga nyumba ya majaribio yenye kuta nene na viungo vilivyozibwa kwa makini, nayo haikuhitaji tanuri la kawaida. Lakini nyumba iliyozibwa lazima ipewe njia maalumu ya kupumua, na vifaa vya moto vipimwe upya, kwa kuwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, haina pa kutokea kama zamani. Fundi anayeacha nyumba bila kipimo hicho hajamaliza kazi.

Miongoni mwa Waswahili waliohamia nchi za baridi, wapo wanaolipia moto mwingi kila mwaka ndani ya nyumba zinazovuja. Nchini Marekani, mpango wa serikali kuu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1976 huzifanyia nyumba za wenye kipato kidogo kazi hii bila malipo, na inafaa kila anayestahili aombe nyumba yake ipimwe kabla theluji haijaanguka.