Bibi wa kaya: daftari la vifo la Rufiji lilivyosimama juu ya kumbukumbu yake

Akifa mwanamke mzee Kibiti, Bungu au Ikwiriri, habari za maisha yake hukusanywa mara mbili. Mara ya kwanza ni msibani, na hapo hakuna karatasi: wanawake wanamwosha ndani, wanaume wanachimba kaburi, kisha siku za tanga kila ajaye anakuja na kipande chake. Mara ya pili ni baada ya vumbi la msiba kutulia, anapobisha hodi kijana mwenye mkoba wa fomu. Anauliza homa ilianza lini, marehemu alikohoa au hakukohoa, miguu ilivimba au haikuvimba.

Safu hii ni ya hiyo mara ya pili. Kazi hiyo ya fomu imesifiwa sana nje, na hapa nyumbani wachache wanajua ilivyofanyika. Ninavyoisoma mimi, ufundi wote ule uliegemea kichwa cha mwanamke huyo huyo akiwa hai. Alipokufa, ukamwandikia ukurasa mwembamba kuliko wa yeyote katika kaya.

Kazi ilianza Novemba 1998, Rufiji ikiwa bado wilaya moja na Kibiti haijakatwa. Wizara ya Afya, pamoja na kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, IDRC, ilikuwa na mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa la kihasibu: fedha za afya za wilaya zikifuata maradhi yanayoua watu, badala ya kufuata bajeti ya mwaka jana, je, vifo vitapungua? Ili ujibu hilo lazima ujue nani anakufa na kwa nini, na hapo ndipo mkwamo ulipo. Hospitali inawajua waliofika hospitali. Cheti cha kifo hutafutwa kukiwa na mafao, akaunti ya benki au mirathi yenye mgogoro. Bibi wa Mchukwi mwenye jembe, mikeka yake miwili na minazi ya urithi, nani atapanda gari kwenda kumtafutia cheti?

Kwa hiyo walianza kwa kuhesabu. Kata zilizochaguliwa upande wa kaskazini wa mto Rufiji zilikuwa na watu kama 85,000, na kila kaya ikapewa namba, kila mtu akapewa namba yake ya kudumu, pembeni ikaandikwa yeye ni nani kwa mkuu wa kaya: mke, mtoto, mjukuu, mama mzazi. Baada ya hapo wadadisi walizunguka mara tatu kwa mwaka, kila miezi minne, mlango kwa mlango. Nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama, nani kaolewa, nani ni mjamzito. Katikati ya duru, watu wa kijijini hapo hapo walitoa taarifa za vizazi na vifo ili kisipotee kitoto kilichozaliwa na kufa kabla mdadisi hajarudi. Kifo kilipotokea, alikuja mhoji wa vifo na fomu ile ndefu, akakaa na aliyemuuguza marehemu. Fomu ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Walipotofautiana, ilikwenda kwa wa tatu.

Matokeo yanajulikana. Ilionekana kwamba malaria na maradhi mengine ya watoto yalikuwa yakiua zaidi kuliko fedha zilivyoonyesha, bajeti ikageuzwa, na ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Don de Savigny na madaktari wetu Harun Kasale na Conrad Mbuya, pamoja na Graham Reid, waliyaandika katika kitabu kilichotoka 2004. Sifa hizo ni halali na sina la kuzipunguza. Ila kitabu kinasimulia zaidi meza ya mganga mkuu wa wilaya kuliko kizingiti cha nyumba, na namba zote zilipita kwenye kizingiti.

Twende hapo basi. Mdadisi kafika saa nne asubuhi, mwezi wa tatu. Atamkuta nani?

Jibu linatoka mwaka 1968. Kabla ya hapo Warufiji wengi waliishi bondeni, kandokando ya mto. Walilima mpunga kwa mvua na maji ya mafuriko, na maji yakishashuka, kuanzia kama mwezi wa sita, walipanda mahindi, kunde na maboga kwenye udongo mbichi ulioachwa nyuma, kilimo wanachokiita mlau. Mafuriko makubwa ya 1968 yaliipa serikali sababu ya kuwapandisha watu kwenye vijiji vipya vya juu, miaka kadhaa kabla operesheni za vijiji hazijavuma nchi nzima. Nyumba zikahama. Mashamba hayahamishiki, yakabaki chini. Tangu hapo msimu wa mpunga ukifika wenye nguvu hushuka bondeni na kukaa huko kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, wakilinda shamba dhidi ya nguruwe, viboko, ngedere na ndege. Juu kijijini wanabaki wanaokwenda shule na yule ambaye magoti yamekataa kupanda ngazi ya dungu.

Kwa hiyo anayemjibu mdadisi ni bibi. Na mazungumzo yenyewe huenda kwa mwendo huu:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa hapo mkekani, jua kali."

"Huyu mdogo kazaliwa lini?"

"Tarehe mimi sina, mjukuu wangu. Mama yake alishikwa na uchungu kule dunguni, mpunga ushabeba mimba. Tukamleta kwa mtumbwi, njia yote maji. Mwaka ule wa mvua zisizokatika."

Mdadisi mzuri hapo haandiki "hajui". Anapiga hesabu. Mvua zisizokatika ni El Nino, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998. Mpunga uliopandwa mvua zilipoanza hubeba mimba karibu mwezi wa tatu au wa nne. Basi mtoto ni wa Machi au Aprili 1998. Anauliza tena: alizaliwa kabla au baada ya mtoto wa jirani, ambaye kadi yake ya kliniki ipo? Baada, kidogo tu. Tarehe imeshikwa, na kosa lake pengine halizidi wiki chache. Kwa watu wazima alama zinakuwa nzito zaidi: alizaliwa kabla ya kuhamishwa kutoka bondeni, alikuwa anatambaa kwenye mafuriko ya 1974, aliolewa vijana wakiwa vita vya Kagera. Ungekwenda kwa mabibi waliokuwa na miaka themanini wakati ule, ungesikia mama zao walivyowahadithia meli ya Mjerumani iliyojificha deltani. Ndiyo Königsberg, iliyozamishwa Julai 1915.

Kuhesabu umri kwa matukio kunajulikana popote palipo na upungufu wa vyeti vya kuzaliwa. Sharti lake ni moja: awepo mtu anayekumbuka tukio, kizazi na mwezi wa shamba kwa pamoja. Katika kaya ya Rufiji mtu huyo alikuwa mke aliyekuwepo bondeni kabla ya kuhamishwa, mama aliyezaa pande zote mbili, na bibi aliyepokea wajukuu mikononi. Mzee wa kiume angekutajia mipaka ya shamba na nani anamdai nani. Umri wa wajukuu angemwita mkewe.

Sasa geuza daftari, umtafute huyo bibi mwenyewe. Namba yake haibadiliki, lakini pembeni pake cheo kinabadilika, na ukikifuata duru kwa duru unaweza kusoma maisha. Kwanza ni mke wa mkuu wa kaya. Duru moja mume anaandikwa kafa, naye anakuwa mkuu wa kaya. Baadaye kijana wake anarudi kutoka Dar es Salaam, anashika ukuu, na mama anashuka kuwa "mama wa mkuu". Chini yake safu za wajukuu zinaongezeka, kila mmoja na namba yake ya mama aliyeolewa Utete au anayepanga Mbagala. Hakuna sentensi hata moja, na bado unaona ni nani aliyelea.

Usichokiona ni uzazi wake. Mfumo ulimkuta ameshakuwa bibi. Watoto wake waliokufa bondeni, kabla ya kampeni za chanjo, kabla ya zahanati, kabla ya 1998, hawana mstari. Ubibi wake umeandikwa kwa ukamilifu ambao vijiji vingi vya Afrika havijawahi kuupata. Umama wake, ambao ndio uliomfunza kuyakumbuka yote hayo, umebaki nje. Na kama aliishi deltani kwenyewe, Salale, Mbuchi au Kiongoroni, katikati ya mikoko ambako unafika kwa mtumbwi au boti ya kutoka Nyamisati, hakuwemo kabisa. Eneo la uchunguzi lilikuwa la nchi kavu. Nawaelewa waliopanga: kuzunguka vijito vyote vile mara tatu kwa mwaka, kwa maji kujaa na kupwa, kungemaliza fedha kabla ya duru ya pili.

Halafu anakufa, na sasa wengine ndio watakaomjibia yeye. Fomu inamtaka aliyemuuguza. Mtoto akifa, yupo mama yake, na juu ya mama yupo bibi, wamehesabu kila degedege. Bibi akifa kauguzwa na nani? Kwa zamu: wiki hii mjukuu wa darasa la sita, wiki ijayo mkamwana, siku za mwisho binti aliyefika na basi la usiku. Mtoto wa kiume, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa mbele kumjibu mgeni, alimkuta ameshanyamaza. Anasema, "Ni utu uzima tu." Utu uzima haumwambii daktari ni ugonjwa gani uliomuua. Udhaifu huu si wa Rufiji peke yake. Kwingine pia njia hii inapotumika, vifo vya wazee mara nyingi hubaki bila sababu inayoeleweka, kwa kuwa maradhi yao ni mengi kwa wakati mmoja na dalili zao hazijipambanui. Mimi naongeza sababu moja ya kifamilia: mtoa taarifa bora wa kaya ndiye aliyekufa.

Nisilipambe tanga kupita kiasi, ingawa. Tanga linahifadhi vizuri alivyoweka akiba ya mbegu, alivyosuka ukindu, ugomvi alioumaliza kati ya wake wenza. Kaburini hutangazwa madeni yake, jambo ambalo fomu haina. Lakini msibani hakuna anayeuliza kwa nini alikonda tangu Ramadhani hadi Mfungo Tatu, na anayeuliza hutazamwa vibaya. Fomu ina haki ya kuwepo. Mwanamke wa Rufiji ambaye kumbukumbu yake haikuhitaji tanga wala fomu ni mwanasiasa Bibi Titi Mohamed, aliyegombea ubunge huko 1965 akashindwa, na ambaye jina lake liko barabarani Dar es Salaam. Wengi wa waliomkataa na waliompigia kura wamezikwa bila kibao.

Kalenda ya mafuriko ambayo mabibi hao waliihesabia nayo inaanza kuyumba. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoingia Rufiji na Kibiti, yatatumika kukisia umri wa watoto kwa miaka mingi. Ila miaka ambayo mto utapita kimya kwa kipimo cha milango ya bwawa haitaacha alama ya kuhesabia.

Kwa wanaoendelea na kazi hii, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao, ninayo mawili ya kupendekeza, na yote ni ya fomu. Namba ya anayejibu kila duru iunganishwe na majibu yake, ili akifa ijulikane ni vizazi na vifo vingapi viliingia daftarini kwa kinywa chake. Na wanawake wazee waulizwe uzazi wao wote wakiwa hai, pamoja na watoto wa bondeni waliokufa zamani. Asubuhi moja inatosha, na wakati mzuri ni huo huo wa mpunga, wengine wakiwa dunguni na hakuna wa kumkatiza.