Kuijua Bodi Kabla ya Kuipima

Bodi chakavu za elektroniki huuzwa kwa kilo, lakini kilo ya bodi za simu na kilo ya bodi za televisheni ya kizamani hulingana kwenye mizani tu. Tani moja ya bodi za simu huweza kubeba zaidi ya gramu 200 za dhahabu. Tani ya bodi za televisheni ya kizamani hubeba gramu 20 hivi. Bei hutokana na dhahabu, fedha, paladiamu na shaba iliyomo, si ukubwa wala mng'aro. Anayeuza mzigo bila kuuchambua humwachia mnunuzi faida yote ya uchambuzi.

Ubao

Kinachotazamwa kwanza ni ukingo. Bodi duni hutengenezwa kwa karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi ya fenoli. Huwa ya kahawia, njia zake za shaba hukaa upande mmoja tu, na ikipindwa hukatika kama biskuti. Hupatikana ndani ya redio, televisheni za zamani na pawasaplai. Bodi bora ni ya nyuzi za kioo: ukingo wake ni mweupe au wa kijani hafifu, ikivunjwa huchanika nyuzinyuzi, na ikielekezwa juani hupitisha mwanga pale pasipo na shaba. Kijani, buluu, nyekundu au nyeusi ya usoni ni rangi ya kupakwa tu, na haipandishi daraja la bodi.

Vifaa vilivyoshikizwa

Chipu bapa nyeusi zilizobanana ni dalili njema. Ndani ya chipu nyingi, hasa za zamani, mna nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele zinazounganisha kipande cha silikoni na miguu ya nje. Kapasita ndogo za rangi ya njano au machungwa zenye mstari upande mmoja mara nyingi ni za tantali, na baadhi ya wanunuzi huzilipia peke yake. Transfoma, koili, kapasita kubwa za mviringo na vipooza joto vya alumini huongeza uzito bila kuongeza madini ya thamani. Bodi iliyojaa vitu virefu na vizito ni ya daraja la chini hata kama ubao wake ni wa nyuzi za kioo.

Dhahabu ya juu

Meno ya dhahabu yaliyo ukingoni mwa ramu na kadi za kompyuta hupakwa kwa umeme ili yastahimili kuchomekwa na kuchomolewa, na unene wake hukaribia mikroni 1. Dhahabu inayotandazwa juu ya sehemu za kulehemu ni mikroni 0.05 hadi 0.1 tu. Bodi inaweza kung'aa uso mzima na bado ikazidiwa na ramu moja yenye meno mazito. Shaba njano hufanana na dhahabu, lakini hufifia na kuota kutu ya kijani kadiri inavyokaa. Dhahabu haibadiliki, na ikikwaruzwa kwa wembe hufichua nikeli nyeupe chini yake. Ramu za zamani zenye meno meupe ya bati huwekwa fungu lake.

Prosesa nazo hutofautiana sana. Zinazotafutwa zaidi ni zile za kauri za miaka ya 1980 na 1990, kama 486 na Pentium Pro. Zinafuatwa na zile za ubao wa kijani zenye pini. Zisizo na pini, ambazo Intel ilianza kuzitumia kwenye kompyuta za mezani mwaka 2004, zina dhahabu kidogo.

Madaraja

Juu kabisa hukaa prosesa za kauri, ramu zenye meno ya dhahabu, bodi za simu na za mitambo ya mawasiliano. Bodi ndogo za hadi diski huzikaribia. Mazabodi za kompyuta hukaa katikati, na za zamani mara nyingi huzishinda mpya kwa sababu dhahabu yake ilipakwa kwa ukarimu zaidi. Chini hubaki bodi za pawasaplai, redio na televisheni.

Ukamilifu na usafi

Bodi iliyong'olewa chipu hupoteza daraja, na jicho zoefu huiona mara moja: miraba mitupu yenye alama za lehemu. Kinachopaswa kutolewa ni betri ya duara, vipooza joto, vyuma vya pembeni, skrubu na plastiki. Alumini na chuma huuzwa peke yake; betri huhifadhiwa mbali, kwa kuwa ya lithiamu ikitoboka huweza kuwaka moto.

Mzigo na soko

Gunia lenye mchanganyiko hupewa bei ya bodi iliyo duni kuliko zote ndani yake. Kila daraja hupata gunia lake, kavu, maana maji humfanya mnunuzi akate uzito. Mnunuzi mkubwa husaga sampuli na kuipima maabara, na muuzaji makini huuliza makato kabla ya kupakia.

Kuchoma bodi au kuzitia tindikali hushusha thamani na kudhuru watu: moshi hutoa sumu ya dioksini, risasi huingia mapafuni, na paladiamu hupotea. Viwanda vya kuyeyusha, kama cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, hupokea bodi nzima na kutoa madini mengi kwa pamoja. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu taka hatari, unadai ridhaa ya nchi husika kabla taka yoyote ya elektroniki kuvuka mpaka. Kwa muuzaji mdogo wa Afrika Mashariki, njia salama ni mkusanyaji mwenye leseni, kama WEEE Centre ya Nairobi au Enviroserve ya Bugesera, Rwanda, na mzigo uliochambuliwa vizuri ndio unaompa nguvu ya kujadili bei.