Mpango wa biashara hauwashi taa Kakuma

Katika vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa uhandisi mara nyingi huonjeshwa ujasiriamali kwa muhula mmoja, kisha huandika mpango wa biashara kwa ajili ya alama. Tatizo si nadharia kuzidi. Tatizo ni kwamba bei huja baada ya usanifu, mashine ikiwa imekwisha kuchorwa. Kalokol, kaskazini-mashariki ya Lodwar katika Turkana, inaonyesha hasara yake. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa huko kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikukosa wahandisi. Lakini kugandisha minofu kwenye joto lile kulihitaji umeme na maji safi kwa gharama ambayo samaki mwenyewe hakuweza kuilipa, na baadaye Ghuba ya Ferguson ikakauka. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu. Hesabu ya umeme kwa kila kilo ya minofu ni hesabu ya mhandisi, na ilitakiwa kutangulia msingi.

Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, ilifundisha somo hilohilo bila darasa. Wenye jenereta za dizeli walivuta nyaya hadi madukani, wakatoza kwa idadi ya balbu na vifaa. Bila mita, kuunganisha mteja ni rahisi. Ila aliyekwisha kulipia balbu hana sababu ya kuizima, na dizeli inaungua. Gridi ndogo ya jua ya kampuni ya Renewvia huko Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, ilitumia mita za kulipia kabla, kwa simu. Mita hiyo ni kifaa cha umeme na ni mkataba wa biashara kwa pamoja. Huwezi kukabidhi nusu yake idara nyingine.

Atasema mtu: soko la kambi ni la misaada, halifundishi biashara halisi. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka, wenye biashara zaidi ya 2,000. Ni kweli mgao wa misaada ukipunguzwa, mauzo hushuka. Basi hiyo nayo iingie kwenye hesabu ya ukubwa wa betri, kama jua na vumbi vinavyoingia.

Wengine watadai mhandisi aachiwe uhandisi wake. Sawa, ila msimamizi wa mradi wa mwaka wa mwisho asipokee mchoro kabla mwanafunzi hajaandika mteja analipa kiasi gani leo, anamlipa nani, na kifaa kikiharibika, kipuri kitachukua siku ngapi kufika kutoka Kitale.