Pongezi kwa Vijana wa Kiungani

Mwalimu anayefundisha darasani asubuhi na kupuliza filimbi uwanjani jioni anaendeleza kazi ya zamani. Kule Kiungani, chuo cha misheni ya Kianglikana Zanzibar, vijana ambao wengi wao walikuwa wameokolewa utumwani walicheza kandanda tangu karne ya kumi na tisa. Kuna wanaosema ulikuwa mchezo wa wamisionari, wa kuwatia vijana adabu. Ni kweli, nia hiyo ilikuwepo. Lakini adabu ya kulazimishwa hufa msimamizi akiondoka, na kandanda haikufa: mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, mjini Zanzibar, iliunda timu zake yenyewe. Wahitimu wa Kiungani, nao, walipelekwa bara kufundisha, kwenye vituo vya misheni vya Magila na Masasi. Kwangu hilo lapita kombe lolote.